Gari likichemsha, mwanao ana la kukufundisha

Gari limefika katikati ya mlima Kitonga, mkoani Iringa. Mshale wa joto umegusa nyekundu na mvuke unafuka chini ya boneti. Baba anashuka, anachukua kitambaa na kuelekea kwenye mfuniko wa rejeta ili aongeze maji.

“Baba, subiri kwanza,” anasema binti yake wa kidato cha pili. “Maji hayo ni ya moto kuliko yanayochemka jikoni.”

Yuko sahihi. Maji kwenye sufuria ya wazi huchemka yakifika karibu nyuzi joto 100. Mfuniko wa rejeta huzuia mvuke usitoke, hivyo kanieneo ndani huongezeka na maji huweza kufika hata nyuzi 120 bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa ghafla, kanieneo hushuka, maji huchemka papo hapo na kuruka usoni, kifuani na mikononi mwa aliyesimama mbele yake.

Hiyo ni fizikia, na pia ni afya. Wanafunzi wengi huikariri ili wafaulu mtihani, kisha huisahau. Mwalimu akianza kipindi kwa kuuliza “kwa nini fundi hukataa kufungua rejeta ya moto?” darasa zima huwa na la kusema, kwa sababu kila mtoto amewahi kuona gari limechemsha. Kanuni huja baadaye, ikiwa na kazi ya kufanya.

Mifano haiishii hapo. Nati ya gurudumu ikigoma, fundi huchomeka bomba kwenye mpini wa spana. Mpini ukirefuka mara mbili, nguvu ya kuzungusha nati nayo huongezeka mara mbili, ingawa mkono ni ule ule. Mtoto aliyeona hilo hawezi kusahau somo la wenzo.

Mfano unaowagusa wazazi zaidi ni wa breki. Daladala likisimama ghafla, abiria hutupwa mbele. Isaac Newton alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1687: kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo huo mpaka kizuiwe na kani.

Sasa mpe mwanao hesabu hii. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 10 amepakatwa na mama yake kiti cha mbele. Ili asiruke, mama anahitaji kani inayolingana na kubeba mzigo wa kilo 140. Hakuna mikono ya kuiweza kazi hiyo, hata kwa upendo wote. Ndiyo maana mtoto mdogo hukaa nyuma, kwenye kiti chake kilichofungwa mkanda.

Na dereva akiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauongezeki mara mbili, bali mara nne.

Kwa hiyo gari likichemsha, zima injini na usubiri walau nusu saa, mpaka bomba la juu la rejeta lishikike bila kuunguza. Ndipo ufungue mfuniko taratibu, ukiwa umeufunika kwa kitambaa kinene, uso ukiwa pembeni. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno wala mafuta, na usipasue malengelenge.

Wakati mnasubiri injini ipoe, muulize mwanao kwa nini maji hayo yamezidi nyuzi 100. Akishindwa, mna nusu saa ya kulijadili. Akiweza, msikilize kama baba yule wa Kitonga alivyopaswa kumsikiliza binti yake.