Sabufa ya debe moja inatosha, jamani

Nilikuwa kimya kidogo, testi zilikuwa zinatukimbiza kama mbwa wa jirani. Leo naomba niongelee sabufa za gari. Najua wengi wetu hapa Chang'ombe usafiri wetu ni daladala na miguu, lakini mjadala umekuwa mkali pale hosteli kiasi kwamba nimeona bora niuandike kabla haujavunja urafiki wa watu. Msimamo wangu ni huu: mwenye gari dogo, hasa gari linalomlisha, hana sababu ya kutoa buti lake lote kwa ajili ya besi. Boksi la lita 20, lililopigiwa hesabu na kukatwa vizuri, linatosha. Lita 20 ni debe moja. Debe hilo hilo la kupimia mahindi.

Chanzo cha mjadala ni kaka wa rumeti wangu. Ana Toyota IST analofanyia teksi za mtandaoni. Sehemu kubwa ya wateja wake anawachukua stendi ya Magufuli kule Mbezi, na wote mnajua mtu anayeshuka na basi la mkoani anashuka na nini: gunia la mchele, mabegi mawili, ndoo, na pengine kuku. Sasa kaka anataka muziki mzuri, na simlaumu, mtu anakaa ndani ya gari tangu alfajiri mpaka usiku. Akaenda duka moja Kariakoo, wakampimia boksi la sabufa mbili za inchi 12, kubwa kama kabati la vyombo. Alipouliza mizigo ya wateja itakaa wapi, akaambiwa itakaa siti ya nyuma. Na wateja je, wakae juu ya paa? Abiria akifungua buti akakuta kabati, safari imekufa hapo hapo. Zikifa tatu kwa siku, hela ya hesabu ya bosi haifiki, maana gari lenyewe bado analilipia kwa mkataba.

Rumeti wangu akaleta swali chumbani, na chumba kikagawanyika. Kundi moja linasema bila boksi kubwa hakuna besi, ni kelele za redio ya mbao tu. Mimi na wenzangu wawili wa fizikia tukasema hapana, ngoja tupige hesabu. Na hapa naomba mnivumilie, mwalimu mtarajiwa akishika chaki huwa haachii haraka.

Boksi la sabufa kazi yake ya kwanza sio kupamba buti. Koni ya spika ikienda mbele inabana hewa ya mbele, na wakati huo huo inatanua hewa ya nyuma. Mawimbi hayo mawili yako kinyume, yakikutana yanafutana. Ndio maana spika tupu ukiishika mkononi inalia kama mbu. Boksi linazuia wimbi la nyuma lisizunguke kuja kumuua mwenzake. Sasa chukua besi ya hezi 40. Mwendo wa sauti ni kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa 40, unapata wimbi lenye urefu wa mita 8.6. IST nzima haifiki mita 4! Yaani huyo anayesema boksi liwe kubwa "ili wimbi lipate nafasi" anatakiwa aje na lori, na bado halitamtosha.

Kinachofanyika ndani ya boksi lililozibwa kabisa ni kitu kingine. Hewa iliyofungiwa inageuka springi inayorudisha koni mahali pake. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitumia akili hiyo kwenye spika ya AR-1, akapata besi ya maana kutoka kwenye boksi la kuweka kwenye rafu, wakati wenzake walikuwa wanajenga masanduku ya saizi ya friji. Baadaye wakaja Neville Thiele na Richard Small, wakaweka mambo kwenye fomula. Ndio maana spika ya heshima leo inakuja na karatasi yenye vipimo vyake, na majina yao hao jamaa yako hapo juu.

Hesabu yenyewe mtu wa kidato cha pili anaiweza. Chukua sabufa ya inchi 10 ambayo karatasi yake inasema Vas ni lita 30, Qts ni 0.45, na mlio wake wa asili ni hezi 32. Tunataka boksi lenye tabia ya 0.707, ambayo ni besi iliyotulia, haivimbi wala haikauki. Gawanya 0.707 kwa 0.45, unapata 1.57. Izidishe yenyewe, 2.47. Toa 1, inabaki 1.47. Gawanya lita 30 kwa hiyo, unapata lita 20.4. Debe na kikombe. Na boksi hilo litaanza kushuka sauti kwenye hezi 50 hivi.

Hapo upinzani ukapiga makofi: eti mnaona, hezi 50, besi yenyewe iko chini ya hapo! Tulieni. Gari sio sebule. Chini ya masafa fulani, chumba kinakuwa kidogo kuliko nusu ya wimbi, na spika inaanza kubana hewa ya gari zima kwa pamoja kama pampu ya baiskeli. Kwa gari lenye nafasi ya ndani ya mita 2.5 hivi, hali hiyo inaanzia karibu na hezi 69. Boksi la kuzibwa linapoteza desibeli 12 kila masafa yakipungua kwa nusu, na gari, kwenye nadharia, linaongeza karibu kiasi hicho hicho. Kwenye gari la kweli vioo na milango vinavujisha, hupati yote, lakini unapata ya kutosha. Hiyo ndiyo zawadi ya gari dogo, na watu wanaitupa kwa kuiga maboksi ya magari makubwa.

Sisemi debe ni muujiza. Kuna kanuni inaitwa ya Hofmann, inasema kati ya vitu vitatu, yaani besi ya chini, boksi dogo, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, utachagua viwili tu. Ukichagua boksi dogo na besi ya chini, utalipa kwenye umeme. Amplifaya ya wati 300 za kweli, ikiwa na ufanisi wa asilimia 75, inakula wati 400, ambazo kwa volti 13.8 ni ampea 29 ikibanwa mpaka mwisho. Kwa hiyo waya uwe mnene, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, sio kule nyuma ilipo amplifaya. Waya ukichubuka katikati, fyuzi ya nyuma inabaki inatazama gari linaungua.

Na boksi lenye tundu, lile la bomba? Kweli linapiga zaidi kwa umeme ule ule, hilo siwanyimi. Lakini linataka nafasi kubwa zaidi, na chini ya masafa ya bomba lake koni inabaki bila springi, inachezacheza mpaka inajiua. Kwa kijana anayefungua sauti kwa hasira kwenye foleni ya Ubungo, mimi namshauri la kuzibwa.

Umbo ndio sehemu niliyoipenda zaidi. Mgongo wa siti ya nyuma umelala, kwa hiyo kati yake na sakafu ya buti kuna pembe ambayo begi halikai vizuri. Weka boksi lililokatwa kufuata ule mlalo: chini liwe na kina cha sentimita 22, juu 12, kimo 32, upana 40, vyote vya ndani. Wastani wa kina ni 17, zidisha, unapata lita 21.8. Toa lita moja na kidogo inayoliwa na mwili wa spika, umerudi kwenye debe letu. Tulikata mfano kwa katoni kwanza tukaujaribu garini, umekaa kama umezaliwa nao, na upande wa pili wa buti gunia linaingia lenyewe.

Kuna watu wanashauri tutoe tairi la spea tuweke sabufa kwenye shimo lake. Nafasi kweli unaokoa, halafu pancha ikupate usiku barabara ya Morogoro uanze kumwimbia abiria. Hapana.

Hesabu tukapeleka Keko, maana kutoka chuo ni pua na mdomo, na pale ndio kwenye mafundi fanicha. Mzee mmoja akatazama karatasi yetu akacheka: "Wanangu, hili ni kabati lisilo na mlango." Nikamjibu, "Ndiyo mzee, na lisipitishe hata pumzi." Akaelewa kuliko darasa zima. Yeye ndiye aliyekataa misumari, akasema MDF ya milimita 18 ukiipiga msumari ukingoni inapasuka. Toboa kwanza kwa keekee, paka gundi, kaza skrubu, na ndani pitisha silikoni kwenye kila kona uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga spika. Kupima kama linavuja, sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa. Ikirudi taratibu, poa. Ikirudi ghafla, tafuta pumzi inatokea wapi. Akaongeza wavu wa chuma mbele, kwa sababu koni inatazama mizigo. Na boksi lifungwe kwa bolti sakafuni, sio kuegeshwa. Kilo 15 zikiruka wakati wa ajali hazichagui kichwa.

Mnaona jinsi mbao, umeme na mawimbi vinavyokutana kwenye kisanduku kimoja? Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na sisi wenyewe, walimu watarajiwa. Mtaala wa sekondari umekuwa ukisema umahiri tangu 2005, na mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali kabisa. Halafu sisi tukienda TP tunaandika ubaoni kwamba mwendo ni masafa mara urefu wa wimbi, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Mtoto anaweza kupata A bila kujua kwamba wimbi la besi anayoisikia kwenye bodaboda ya jirani lina urefu wa mita kadhaa. Maabara haina vifaa, tunasema. Spika mbovu iko mtaani, katoni iko dukani, debe liko jikoni. Umbo likiwa la ajabu lisilopimika kwa rula, jaza mchele halafu umimine kwenye debe, umepata ujazo. Wazazi walipime hivyo hivyo tangu enzi.

Kule Kariakoo nilimuuliza muuzaji kabati lile lina lita ngapi. Akanijibu, "Bro, hii ni wati 1200." Nikauliza tena lita. Akaniita profesa.

Jumamosi tunakata mbao, Mungu akipenda. Kaka ameshalipia MDF na ameomba tumalize kabla ya jioni, kwa sababu mabasi ya Mbeya yanaingia usiku na anataka buti liwe wazi. Anayetaka ile karatasi ya vipimo aje chumbani, ila aje na karatasi ya spika yake, maana vipimo vya debe hili ni vya spika ile tu. Na wale wa kundi la kabati, karibuni pia, mtashika upande wa pili wa ubao.