Heliamu ya Rukwa na Chujio Lisilo Letu

Mijadala yetu kuhusu madini huzunguka swali moja: nani ana asilimia ngapi? Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni ya uchimbaji. Ni jambo jema. Heliamu ya Bonde la Rukwa, hata hivyo, inaonyesha kuwa hiyo ni nusu tu ya hoja.

Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilitoa heliamu kwa kiwango cha takribani asilimia 5, kiwango kikubwa kwa gesi hii adimu inayopoza mashine za MRI hospitalini. Lakini asilimia 5 haiuziki ilivyo. Katika chemchemi za bonde hili heliamu huambatana hasa na naitrojeni, na thamani huanza pale zinapotenganishwa.

Njia mojawapo ya kuzitenganisha ni utando wa polima. Atomi ya heliamu ni ndogo, hivyo hupenya kati ya minyororo ya polima upesi kuliko naitrojeni. Kikwazo ni kwamba utando unaopitisha upesi huchuja vibaya, na unaochuja vizuri hupitisha polepole. Robeson aliuchora mpaka huo mwaka 1991, na wanakemia wangali wakipambana kuuvuka. Baadhi yao huunda polima yenye vipande viwili katika mnyororo mmoja, kigumu cha kuushikilia utando na laini cha kupitisha gesi, kisha huchanganya humo chembe ndogo mno za silika. Chembe zikitawanyika sawasawa, hulegeza msongamano wa minyororo na kufungua nafasi. Zikigandana, huacha mianya ambamo kila gesi hupita bila kuchaguliwa. (Polima za aina hii zimechunguzwa zaidi kwa kaboni dayoksaidi, kwa heliamu zile ngumu ndizo zinazofaa zaidi. Elimu inayohitajika, lakini, ni ile ile.)

Silika yenyewe tunaitupa. Milepa na vijiji vya bondeni, chini ya uwanda wa Ufipa, ni nchi ya mpunga, na majivu ya pumba za mpunga zilizochomwa vizuri ni silika kwa zaidi ya asilimia 80. Sidai kwamba kijana wa Milepa aanze kesho kutengeneza utando kwa majivu. Silika hununuliwa popote kwa bei ndogo. Ninachodai ni kwamba malighafi haijawahi kuwa upungufu wetu. Tunamkosa mtu anayejua kuitawanya.

Huko kwetu "ushirikishwaji wa Watanzania" umegeuka kuwa ulinzi, chakula cha kambini na malori. Kanuni za 2018 zinadai zaidi ya hayo: mwekezaji awasilishe pia mpango wa utafiti na uhawilishaji wa teknolojia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi Rukwa, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakipo.

Basi nawauliza watumishi wa Tume ya Madini wanaosoma hapa: katika mpango wa heliamu, ni vijana wangapi wamepangiwa shahada za uzamili na uzamivu, na kati yao ni wangapi watasomea kutenganisha gesi?