Kanisa Limekuchosha, au Limekushika Pabaya?

Leo naanza na ubuyu kidogo, halafu kibao nakigeuzia kwangu mwenyewe.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, mwaka juzi aliokoka. Mnakumbuka. Picha za zamani zote zikafutwa, gauni likashuka mpaka kwenye vifundo, akaposti video yuko ndani ya maji ya ubatizo analia. Laiki kama mvua ya masika. Miezi haikupita mingi, kimya. Ile video haipo tena. Juzi kati kaulizwa laivu, akajibu kwa kifupi kwamba kanisa limemchosha, watu wa kanisani wanaingilia sana maisha ya mtu.

Aisee, alichambwa huyo dada! Na mimi nilishaandika komenti yangu ya kumchana, ndefu, ina mpaka mistari ya Biblia. Kidole kipo kwenye kutuma, nikaifuta. Nawaambia kwa nini.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa nafanya kazi kwa mnunuzi mmoja wa mpunga, simtaji. Nina kidato cha nne changu, ajira hakuna, nyumbani mama ananiangalia mimi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kukaa na daftari na kuandika magunia yanayoingia.

Watu wa Katavi lumbesa mnaijua. Gunia linajazwa, linashindiliwa, halafu juu linaongezewa kilemba na kushonwa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanalisema hilo kila siku. Lakini mkulima katoka Mwamkulu au Kakese, ana deni la mbolea, mtoto anadaiwa mchango shule, atabishana na nani? Kile kilemba ni jasho lake la bure. Mimi naona kabisa kwamba hili ni gunia na robo, naandika "moja".

Jumatatu mpaka Jumamosi naandika hivyo. Jumapili naimba besi kwaya ya vijana. Na kiukweli sauti ilikuwa inatoka safi tu, wala sikusumbuka.

Sasa kuna Jumapili moja mchungaji akafungua Mithali sura ya 11. Nendeni mkaisome, inaanza moja kwa moja na mizani ya udanganyifu. Mchungaji hata kazi yangu alikuwa haijui. Lakini benchi la mbele yangu alikaa mama mmoja ambaye Alhamisi yake nilimwandikia magunia manne. Ibada ilipoisha nikampa shikamoo huku naangalia pembeni. Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Asante kwa juzi, ulinihudumia haraka, nikawahi gari."

Ananishukuru. Mimi.

Jumapili iliyofuata sikwenda. Nikajiambia nimechoka. Inayofuata pia. Wanakwaya wakinipigia nasema kazi zimebana. Nikikutana na washkaji nasema kanisani kuna unafiki, michango haiishi, kila mtu anafuatilia ya mwenzake. Miezi minne ikakatika hivyo, na kila asubuhi naweka neno la siku kwenye status ya WhatsApp, watu wananijibu "Amina mtumishi".

Mnaona? Maneno yangu na ya yule dada yanafanana. Ya kwake siyajui, ni yeye na Mungu wake. Ya kwangu nayajua. Kanisa halikunichosha. Lilinishika pabaya.

Kilichonirudisha wala sio muujiza. Tulienda msiba Karema, kule ziwani, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa mjini. Baada ya mazishi mzee mmoja akawa anatupigia stori za Atiman. Wengi wetu tunaijua Hospitali ya Dk. Atiman pale Sumbawanga, tuna ndugu waliotibiwa huko, lakini Atiman ni nani hatujui. Mimi wala sio Mkatoliki, ila stori ile ilinikalisha.

Adrian Atiman alizaliwa mbali kabisa, karibu na Timbuktu, nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto mdogo akaibiwa, akauzwa utumwani. Wamisionari wakamkomboa, wakamsomesha, akaenda kujifunza udaktari Malta. Mwaka 1889 akafika Karema kama daktari na katekista. Kipindi hicho biashara ya watumwa ilikuwa bado inasumbua vijiji vya Ziwa Tanganyika. Yaani mtu aliyeuzwa utotoni analetwa mahali ambapo watoto wa wenzake bado wanakamatwa.

Ungekuwa wewe? Umesoma Ulaya, una ujuzi mkononi. Mimi ningetafuta kisingizio mwaka wa kwanza tu.

Atiman alibaki. Wajerumani wakatawala wakaondoka, Waingereza wakaja, vita viwili vya dunia vikapita, yeye yupo Karema anatibu watu na kufundisha dini. Alioa hukuhuku, mwanaye akawa padri. Alifariki mwaka 1956. Piga hesabu, ni miaka 67 sehemu moja.

Kilichonigusa sio ukubwa wa jina lake. Ni zile siku za katikati ambazo hakuna anayezisimulia. Leo kidonda, kesho homa, usiku mama mjamzito, asubuhi tena mafundisho na watoto. Hakuna wa kukupigia makofi kwa siku kama hizo. Imani yetu sisi vijana ina siku ya kuokoka na siku ya ushuhuda, hapo katikati hatuna kitu.

Hata Injili ya Yohana sura ya 6 iko hivyo hivyo. Siku ya mikate watu walifurika, maelfu. Yesu alipoanza kusema maneno magumu, wengi wakageuza wakaenda zao. Walikuwa mashabiki wa mkate.

Naomba nieleweke hapa, maana najua mtanirukia. Sisemi mtu abaki sehemu anayonyanyaswa. Kama kiongozi wa dini anakutaka kimapenzi, anakukamua hela ya mafuta na maji ya upako mpaka mnalala njaa, anakuambia uache dawa za hospitali, ondoka na ukatoe taarifa. Huko sio kumwacha Mungu. Kubaki kwenye imani na kubaki kwenye mikono ya tapeli ni vitu viwili tofauti.

Ninachosema ni kwamba kabla hujaondoka, jiulize kwa ukweli: hapa ninaumizwa, au ninaambiwa? Maana maumivu yanaweza kufanana, lakini dawa yake ni tofauti. Anayekuumiza unamkimbia. Anayekuambia ukweli ukimkimbia, ule ukweli unaubeba mgongoni popote unapoenda. Mimi niliubeba miezi minne, hata bia ilikuwa haina ladha.

Niliporudi kutoka Karema nikamwambia bosi siandiki tena kilemba kama hakipo. Hakukasirika hata, alicheka. Daftari akampa kijana mwingine, na lumbesa ikaendelea kama kawaida. Nisiwadanganye, hakuna mlango mwingine uliofunguka wiki ile. Tulikula mihogo mwezi mzima. Mama alininunia siku mbili, ya tatu akasema, "Haya, nenda basi kanisani kwako." Nikaenda. Besi ikatoka mbaya, ila nilikuwepo.

Kwa hiyo yule dada wa mjini mwacheni. Siku mkimchamba mnamfungia mlango wa kurudi, na nyie hamjui kilichomgusa ni nini.

Na kwangu bado haijaisha. Yule mama wa magunia manne kila Jumapili namwamkia, ananiitikia vizuri, na mpaka leo sijamwambia. Miaka mitatu. Kuacha kazi kumbe ilikuwa sehemu rahisi. Robo mara nne ni gunia moja zima la mpunga la mama wa watu, na mimi ndiye niliyeshika kalamu. Hela ya gunia nimeikusanya kidogo kidogo, sasa imefika.

Mwanaye yumo humu, huwa anasoma na kukomenti. Mdogo wangu, ukiisoma hii kabla ya jioni, usimwambie kitu. Nakuja mwenyewe.

Na nyie wengine nisemeni hapo chini: mlipoacha, mlichoka kweli au mliguswa? Matusi kwa yule dada leo nayafuta.