Vumbi la sumaku kwenye ubongo: Moshi si mshukiwa pekee

Ukikaa kwenye foleni, kinachokukera ni moshi wa lori la mbele. Lakini kila dereva anapokanyaga breki kuna kingine kinachotoka: vumbi la chuma, dogo mno hata macho hayalioni.

Ndani yake kuna magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku.

Mwaka 2016, timu iliyoongozwa na Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, ilichunguza ubongo wa watu 37 waliofariki: 29 wa Mexico City na 8 wa Manchester. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 3, mkubwa 92. Magnetaiti ilikutwa humo.

Kuwemo tu si ajabu. Tangu 1992, Joseph Kirschvink na wenzake huko California walishaonyesha kwamba ubongo wa binadamu una fuwele za magnetaiti, zikidhaniwa kutengenezwa na mwili wenyewe.

Kilichoshtua safari hii ni umbo. Fuwele za mwili zina kona kona. Nyingi zilizoonekana Lancaster zilikuwa za mviringo, kama matone ya chuma kilichoyeyuka kwenye joto kali kikapoa. Tena ziliambatana na platinamu, kobalti na nikeli. Mwili hautengenezi platinamu.

Zinapitaje? Inaaminika ni puani. Chembe zilizo chini ya nanomita 200 zinaweza kufuata neva ya kunusa hadi juu.

Je, ndizo zinazoleta Alzheimer? Hapo vichwa vya habari vimekimbia kuliko ushahidi. Magnetaiti inaweza kuchochea kemikali zinazoharibu seli, sawa, ila kukuta chembe kwenye ubongo si kuthibitisha kuwa ndizo zilizougua.. zilizouletea ugonjwa.

Hata hivyo, suala la breki haliishi na moshi. Pikipiki na mabasi ya umeme ya Nairobi na Kigali hayana bomba la moshi, na hilo ni jambo kubwa. Breki bado zipo, ingawa magari mengi ya umeme hupunguza mwendo kwa mota na pedi hazilikii haraka.

Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni za Euro 7 zilizopitishwa 2024, umeweka kikomo cha vumbi la breki kwa mara ya kwanza. Kikomo hicho ni cha magari mapya ya huko. Gari la mtumba linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam halimo, na pedi zake zikiisha, fundi anafunga zinazopatikana dukani.