Kipande Kwanza, Motisha Baadaye



Kila mwezi kuna semina ya kuwapa moyo vijana wa mitaani. Tisheti zipo, maji ya chupa yapo, na mzungumzaji anawaambia watoto wa Kibra na Kawangware waote ndoto kubwa. Sawa. Lakini hebu uliza ukumbini: nani ametimiza miaka 18 na bado hana kipande? Pale Makina na Lindi utaona mikono. Wengine watainamisha vichwa tu kwa aibu.

Bila kipande husajili laini ya simu, M-Pesa hufungui, HELB huombi. Ukiitiwa kibarua cha usafi Upper Hill, askari wa mlangoni anataka kitambulisho kabla hujaingia. Usiku polisi wakikusimamisha, hapo ndio utajua hujui. Huyu kijana hajakosa bidii. Amekosa karatasi.

Na haikutokea kwa bahati mbaya. Wanubi waliletwa na jeshi la Mwingereza wakapewa msitu wa Kibra mwanzoni mwa karne iliyopita. Hata jina la mtaa ni neno lao. Lakini miaka nenda miaka rudi watoto wao wamepelekwa mbele ya kamati za kupigwa msasa, waulizwe babu alizaliwa wapi, walete karatasi ambazo jirani wa kabila lingine hakuulizwa. Machi 2011 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto ilisema Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi. Januari 2020, kwenye kesi ya Nubian Rights Forum na wenzao, Mahakama Kuu ilisema Huduma Namba isiendelee bila sheria ya kutosha. Februari 2025 Rais akatia saini kule Wajir kuondoa msasa kaunti za mpakani. Alhamdulillah. Ila Kibra haiko mpakani, na tunataka kuisikia ikitajwa kwa jina.

Katiba, Kifungu cha 12, inasema hati ya utambulisho ni haki ya raia. Si hisani ya chifu.

Sasa wewe unayesoma hii, kipande kiko mfukoni. Ijumaa hii baada ya swala, iwe Jamia mjini au msikiti wenu wa Kangemi, tafuta kijana mmoja asiye nacho. Angalia kama ana cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Kisha nenda naye hadi afisi ya chifu, usimtume peke yake. Watu wengi hukata tamaa safari ya pili, kwa sababu kila safari ni kibarua cha siku nzima kimepotea. Kwa futari tunachanga vizuri sana, mashaallah. Nauli ya kijana kurudi afisini mara ya tatu nayo ni sadaka, ingawa haina picha nzuri ya kuposti.

Akikataliwa, msigombane na mtu. Ombeni sababu kwa maandishi, Kifungu cha 47 kinawapa haki hiyo. Andikeni tarehe, afisi gani, na maneno aliyoambiwa, halafu mtutumie inbox. Tunakusanya visa hivi, na kila kisa chenye tarehe kinatusaidia kuliko malalamiko mia.