Ati Bibi Hasemi Kiswahili!



Nilikuwa nimekusudia safari hii kuendelea na habari za barua za marehemu babu. Lakini limezuka jambo ambalo sikuona vyema kulinyamazia, na mtakapofika mwisho mtaona kwamba halikuwa mbali na barua hizo.

Siku ya Idi tulikusanyika nyumbani kwa binti yangu, hapa mashariki mwa London. Tulipokwisha kula tukampigia simu ya picha shangazi yangu aliyeko Malindi, Unguja. Ni bibi wa miaka 86, na ndiye mtu wa mwisho katika ukoo wetu anayejua bila kutazama karatasi nani kazaliwa na nani, nani alihama mwaka gani, na nani alibaki nyuma na kwa nini. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikaa mbele ya simu kwa fahari kubwa, kwani alikuwa ametimiza siku 200 mfululizo za kujifunza Kiswahili kwa programu ya simuni, na kila siku aliyoitimiza programu ilimlipa nyota na mlio wa kengele. Akaanza: "Hujambo, Bibi?" Shikamoo haikutoka, nami nikauma mdomo. Bibi wa watu akacheka, machozi yakimlenga, akamjibu kama anavyowajibu watoto wote wa mtaani kwake: "Sijambo, mwanangu. Mamako hajambo? Nduguzo je? Wenda chuoni?"

Mtoto akanyamaza. Akamtazama bibi yake, akaitazama simu, kisha akanigeukia akasema kwa Kiingereza: "Babu, Bibi hasemi Kiswahili."

Wakubwa waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaweza.

Fikirini, ndugu zangu. Mwaka 1928 wakoloni walikutana Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1930 wakaunda kamati ya kukisimamia. Watu wa Mombasa na Lamu, wenye ushairi wa karne nyingi, hawajasahau uamuzi ule. Maana yake ni kwamba vitabu vyote na programu zote za leo zimekunywa katika kisima kimoja, nacho ni vinywa vya watu wa mji wa Unguja. Basi huyu aliyezaliwa ukingoni mwa kisima, akalelewa hapo na kuzeekea hapo, ndiye anayeambiwa na kitukuu cha nduguye kwamba hasemi Kiswahili.

Mtoto hana makosa. Alifunzwa "mama yako", hakufunzwa "mamako". Alifunzwa "ndugu zako", hakulisikia "nduguzo". Alifunzwa "unakwenda", na "wenda" ikampita kama upepo. Na chuo kwake ni mahali wanaposoma watu wazima, hakujua kwamba kwa bibi yake chuo ni pale kwa mwalimu, penye msahafu na alifu bee. Yote aliyofunzwa ni sahihi, sina ugomvi nayo. Lakini alifunzwa lugha isiyo na mtu ndani yake, na siku alipokutana na mtu, hakumtambua.

Nawatangulia wale watakaosema kwamba mzee huyu ni adui wa vyombo vya kisasa. Sivyo. Nilikuwa karani miaka mingi. Nilianza na taipureta, nikamaliza na kompyuta, na kila chombo kipya nilikipokea kwa shukurani. Hata hizi programu zina fadhila ambayo ingetupasa tuione haya. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo ilipofunguliwa mwaka 2017, ilikuwa imejengwa na watu wa kujitolea, wakiwemo Wamarekani waliowahi kutumwa Afrika na Peace Corps. Tafakarini hilo. Wageni wale walikesha bila ujira wakipanga ngeli na nyakati za lugha yetu ili mtu yeyote duniani aweze kujifunza. Sisi wenyewe, tuliopewa lugha hii bure pamoja na maziwa, tumeshindwa kuwaambia watoto wetu "njoo ule" kwa Kiswahili. Wageni wamejitolea, wenyewe tumegoma.

Kwa hiyo hoja yangu haiihusu simu. Inatuhusu sisi tulioipa simu kazi ya bibi.

Nami najitaja kwanza. Binti yangu alipoanza skuli hapa katika miaka ya themanini, mwalimu mmoja alituita mimi na mama yake, akatushauri kwa upole tuzungumze naye Kiingereza nyumbani asije akabaki nyuma. Tukatii. Tulitii upesi mno, kama watu waliokuwa wakingoja kuambiwa. Kiswahili tukakiweka kwa siri za wakubwa na kwa ugomvi wetu wa usiku, hata mtoto akakua akidhani ni lugha ya mambo yasiyomhusu. Leo mtoto huyo ni mama, anaona pengo, na anamlipia mwanawe programu kila mwezi ili arudishiwe kile ambacho mimi nilimnyima yeye bila malipo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa sasa ni kioo kinachotosha mfukoni.

Wala tusiusingizie mji. Kiswahili si mgeni London. SOAS, iliyofungua milango mwaka 1917, imekifundisha kwa zaidi ya miaka mia. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, kutoka mji huu huu, na sauti zile zilisikika vijijini ambako hata gazeti halikufika. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyekuja Uingereza kijana, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, simu zetu zilijaa picha zake, kila mmoja akimwita ndugu yake. Mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, ikiwa imefasiriwa na Ida Hadjivayanis, mwalimu wa SOAS. Nawauliza: katika nyumba zetu ni ngapi zenye kijana awezaye kuisoma kurasa kumi? Hapa mjini Kiswahili kilikuwepo redioni na darasani. Mahali kilipokosekana ni mezani petu.

Yako pia maneno yanayosemwa chini chini katika vikao vyetu, nami leo nayasema kwa sauti. Wako miongoni mwetu wasemao: "Sisi asili yetu Waarabu, watoto wajifunze Kiarabu, Kiswahili cha nini?" Mimi nimesoma Kiarabu na nakipenda, na mjukuu wangu akikijua nitafurahi. Lakini huko ni kuukimbia ukweli. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza kwamba mbele ya baba yake kilisemwa Kiarabu, lakini alipogeuza mgongo nyumba ilijaa lugha, na Kiswahili kikiwamo. Ikiwa jumba la Sultani lilikuwa hivyo, nyumba zetu za Malindi na Ng'ambo zilikuwaje? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye nasaba yake haina wa kuibishia, alipotaka kuwaamsha watu wake katika miaka ya 1930 aliwaandikia kwa Kiswahili. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipotoa tafsiri kamili ya Kurani mwaka 1969, aliitoa kwa Kiswahili, naye akafia Oman mwaka 1982. Wanavyuoni hawa walikijua Kiarabu kuliko sisi sote tukikusanywa pamoja, wala hawakuona kwamba Kiswahili kinawapunguzia kitu. Na muulizeni yeyote katika ndugu zetu waliokwenda Oman baada ya mwaka 1970: wazee wao wangali wakibishana, wakitaniana na kuombolezana kwa Kiswahili.

Sasa narudi kwenye barua. Babu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa pwani yote kabla ya herufi za Kirumi kuja. Kiarabu hakina P, wala V, wala CH. Irabu zake ni fataha, kasra na dhumma tu. Kwa hiyo katika hati hizo mara nyingi E na I huvaa kasra moja, O na U dhumma moja, na B husimama mahali pa P. Baba mzazi na papa wa baharini huweza kuandikwa sawasawa. Msomaji hukata shauri kwa kuwa lugha anayo tayari. Sikio lake hulisahihisha jicho lake. Wazee wetu waliandika hivyo bila wasiwasi kwa sababu hawakumdhania mjukuu ambaye angeyaona maandishi kabla ya kuyasikia maneno.

Mjukuu wangu huenda madrasa kila Jumamosi na husoma kwa tajwidi nzuri. Wiki moja baada ya Idi nilimpa barua ya babu aisome. Akaisoma mstari wa kwanza bila kukwama, na neno "mpenzi" akalitamka "mbinzi". Mke wangu, aliyekuwa jikoni akikuna nazi, akaita: "Mpenzi! Sema mpenzi!" Aliyekuwa na karatasi mkononi hakufahamu alichosoma. Aliyekuwa na mbuzi ya nazi alifahamu.

Hapo ndipo nilipoona tulivyo karibu, na tulivyo mbali. Mtoto huyu herufi anazo kutoka madrasa, na mamia ya maneno anayo kutoka kwenye programu. Anachokosa ni kile tu ambacho kiwandani hakitengenezwi: mtu wa kumwita, kumkaripia, kumtania na kumtuma dukani kwa lugha hiyo, kila siku, bila kengele wala nyota. Hata Edward Steere, yule padri Mwingereza aliyetoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alikwenda kwanza Unguja akakaa na watu wa mji, akawasikiliza, akaandika hadithi zao. Kitabu kilikuwa tunda la kikao. Sisi tunataka tunda bila kikao.

Najua jawabu lenu: "Hatuna wakati." Binti yangu aliniambia hivyo hivyo. Anatoka kazini saa kumi na mbili za jioni, watoto wana kazi za skuli, na hata yeye mwenyewe Kiswahili chake kina mapengo, anaona haya kukosea. Sikumlaumu, kwani haya hiyo nimemrithisha mimi. Lakini nilimwambia kwamba robo saa anayoikaa mtoto na simu tayari ni wakati. Na Kiswahili chenye mapengo kinachotoka kinywani mwa mama ni bora mara elfu kuliko kilichonyooka kinachotoka kwenye kioo, kwa sababu kwa mama mtoto anaweza kuuliza, akakoselewa, akacheka naye.

Basi nawaomba mambo matatu. La kwanza, kila nyumba itenge mlo mmoja kwa siku usemwe kwa Kiswahili, hata kama ni "nipe chumvi" na "umeshiba?" tu, na bibi na babu walio karibu wasijibu Kiingereza, hata mtoto akinuna. La pili, kila mtoto apewe mzee mmoja wa ukoo wa kumpigia simu kila wiki, naye aende na swali moja: ulikuwa ukiishi nyumba gani, nani alikulea, nani alikufunza kusoma. Wenye idhini ya wazee warekodi. La tatu, programu zibaki, lakini ziwe mtumishi wa kikao. Neno lililojifunzwa simuni leo litumike mezani leo. Na mtoto atakapoleta "mama yako", mwambieni kwamba ni sahihi, kisha mwambieni jinsi bibi yake anavyosema.

Mjukuu wangu sasa humpigia shangazi kila Jumapili saa sita za mchana. Jumapili ya kwanza mazungumzo yalikwisha kwa dakika mbili. Jumapili ya pili akasahau shikamoo, akakumbushwa. Ya tatu alimuuliza kwa nini alibaki Unguja wakati ndugu zake walipoondoka. Bibi akakaa kimya kitambo, kisha akaanza kusimulia, na mtoto akafahamu pengine neno moja katika manne. Mengine ilinibidi mimi nimfasirie, na katika hayo niliyofasiri yalikuwamo mambo mawili ambayo mimi mwenyewe, katika umri wangu huu, sikuwahi kuyasikia, kwa kuwa sikuwahi kuuliza.

Udongo uuwahi ungali maji. Programu itakuwepo mwakani, na mwaka wa kesho kutwa, tena itakuwa nzuri zaidi. Shangazi yangu ana miaka 86.

Wabillahi tawfiq. Barua ya babu itaendelea wiki ijayo, inshallah, na safari hii atakayeisoma si mimi.