Shule Ni ya Bure, Mbona Mkoba Hautulii?



Tumezoeana hapa kwa mambo ya singo, hina na vitambaa vya kesha. Leo tukaeni kidogo tuzungumze pesa za shule, kwa sababu kila Januari, Mei na Agosti wateja wetu hutuambia neno moja: "Msianze kukata kwanza, pesa imekwenda shule." Na si shule za kulipia wanazosema. Ni za umma, hizi tulizoambiwa kwamba msingi ni bure tangu 2003, na karo ya sekondari ya kutwa ni bure tangu 2008. Mama analipa pesa za mtihani, za karatasi, za mlinzi, za mwalimu aliyeajiriwa na bodi. Akiuliza, anajibiwa "shule haina pesa". Basi anafungua mkoba, analipa, anarudi nyumbani akinung'unika.

Sisi tunaona kunung'unika hakutoshi, na kulipa kimya kimya ni kubaya zaidi.

Sisi si wahasibu. Tulimaliza kidato cha nne, tukafanya kozi ya ushonaji, tukafungua duka hapa kisiwani Mombasa. Lakini hesabu ya kitambaa tunaijua, na hii ya shule haiko mbali nayo. Serikali huipa shule ya umma pesa kwa idadi ya wanafunzi. Mtoto wa msingi mgao wake ulianza na shilingi 1,020 kwa mwaka, ukapanda ukafika 1,420. Zigawanye kwa siku za masomo, tuseme 190 hivi, haifiki shilingi 8 kwa siku. Hamri moja hupati kwa bei hiyo. Hizo ndizo za vitabu, chaki, stima, maji na ukarabati wa choo.

Sekondari ya juu imewekewa 22,244 tangu 2018. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba Hazina haiwezi kuzibeba zote, na kwamba bajeti iliyopo inafikia kama 16,900. Kelele zikapigwa, serikali ikasema elimu itabaki bure. Sawa. Lakini fanyeni hesabu: shule yenye wanafunzi 400, kila mmoja akipungukiwa na 5,344, pengo ni zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka. Mwalimu mkuu amepewa mita 3 na ameambiwa ashone buibui la mita 4. Wengi wao si wezi, jamani. Tunawasema vibaya vibarazani na kitambaa ndicho hakikufika.

Wala si mambo ya mwaka mmoja. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipitia miaka 4 ya fedha, kuanzia 2020/21 hadi 2023/24, akakuta shule za umma zimepewa pungufu ya shilingi bilioni 117. Mwaka mmoja tungesema ni mkosi. Miaka 4 mfululizo ni mtu anayejua mshahara wake ni elfu 30 na kila mwezi anapanga matumizi ya elfu 40, kisha anategemea jirani.

Jirani ndiye mimi na wewe. Na si wazazi peke yao. Mgao umepangwa kuja kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu, lakini mara nyingi huchelewa, na shule haiwezi kusubiri ile siku. Inakopa maharagwe, inakopa kuni, inakopa maji ya mitungi. Na sisi mafundi tumo. Shule moja, jina tutalisitiri, ilichukua makoti ya maabara na mapazia ya ukumbi kwetu, na tukalipwa baada ya mihula miwili, kwa vipande vipande. Wasichana wawili tuliokuwa nao dukani tuliwachelewesha mishahara kwa hilo. Nao wana watoto shuleni, na watoto wao wakarudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za mtihani. Mnaona linavyozunguka?

Hapo kwenye kurudishwa nyumbani tusimame kidogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema shule ya umma haitozi karo ya masomo, na michango mingine ikiruhusiwa, hakuna mtoto atakayekataliwa shule kwa sababu haikulipwa. Sheria iko hivyo. Lakini mtoto akirudishwa wiki mbili, tena ni msichana wa kidato cha tatu, huku nyumbani kuna mdogo wa kuangaliwa na kuna mposaji anabisha hodi, tunajua wenyewe ni nani harudi tena darasani. Wengine wanakuja kwetu kupimwa gauni la harusi wakiwa bado wana vidole vya wino. Tunawashonea, na moyo unatuuma.

Kuna jambo jingine la Pwani hasa, na halisemwi sana. Shule hupewa pesa za watoto waliosajiliwa kwenye mtandao wa wizara, na usajili ule umekuwa ukitaka cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti anakaa darasani, anatumia dawati na choo, na pesa yake haiji. Hapa kwetu watoto wa namna hiyo si wachache. Mama amejifungulia nyumbani, baba kitambulisho kinamsumbua, cheti kikaachwa. Kwa hiyo shule zetu zinapungukiwa mara mbili, kwanza na kila shule ya nchi, kisha peke yao. Wewe bibi harusi unayesoma hapa, ukijaaliwa mtoto, cheti kikatwe kabla ya arubaini haijatoka. Kiwekwe pamoja na cheti cha ndoa.

Sasa tunasema la kufanya, na wengine mtatukasirikia.

Sisi wanawake wa kisiwa hiki tunajua bajeti. Harusi ya watu 300 tunaipanga hadi idadi ya vikombe vya kahawa. Chama cha wanawake 12 kikichangishana, kuna daftari, kuna mweka hazina, na mia moja ikikosekana usiku haulaliki. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni. Lakini pesa ya shule tunamtumia mtu kwenye simu yake na hatuombi risiti! Sheria ile ile inatupa chama cha wazazi, kila mzazi ni mwanachama, na bodi ya shule ina viti vya wazazi. Mkutano ukiitwa, nani anakwenda? Wanaume wachache na wazee wa mtaa.

Twendeni, tukaulize kwa adabu, bila kumshambulia mwalimu. Watoto wangapi wamesajiliwa, na wangapi wako darasani? Muhula huu zimekuja ngapi, na lini? Shule inadaiwa ngapi na nani? Mchango huu umeidhinishwa wapi? Mwalimu mkweli atafurahi, kwa sababu ile karatasi ndiyo silaha yake mbele ya mbunge. Wabunge ndio wanaopitisha bajeti, na wanapenda kupiga picha wakigawa basari, pesa ambazo mtoto mmoja anapata na watano wanakosa. Aulizwe kuhusu mgao kamili kabla hajapewa kipaza sauti.

Na nyinyi mnaotaka sadaka jariya, Allah awalipe, lakini si kila mara jina ukutani. Darasa jipya lisilo na mwalimu wala taa ni ghala. Lipeni mshahara wa mwalimu wa hisabati mwaka mzima, au deni la maji.

La sare tulimalize kwa haraka, maana linatugusa mfukoni. Shule isikulazimishe duka moja, hata likiwa letu. Nunua kitambaa, shonesha unapotaka.

Tunajua mikutano ya wazazi mingi huwa Jumamosi asubuhi, wakati wa harusi na mashine hazipumui. Kuanzia muhula ujao, Jumamosi ya mkutano duka letu litafunguliwa saa saba mchana, na mabibi harusi wa siku hiyo watachukua magauni Ijumaa baada ya Alasiri.